Jinsi programu za nota zinavyosoma intavali za kodi za muziki: mwongozo wa hatua kwa hatua

Andika C, D♯ na G kwa pamoja katika programu ya kuandika nota, kisha usikilize. Sikio litakuambia kwamba hiyo ni kodi (nota kadhaa zinazosikika kwa pamoja) ya C maina. Sasa iagize programu iipandishe kodi hiyo toni moja nzima, yaani intavali (umbali kati ya nota mbili) ya pili meja. Itaandika D, E♯ na A. Ulitarajia D, F na A, na mpiga kinanda anayesoma nota zako angetarajia hivyo hivyo.

Programu haijakosea. Kwa maandishi yako, kutoka C hadi D♯ si ya tatu maina bali ni ya pili iliyoongezwa, na programu imeihifadhi intavali hiyo kwa uaminifu: kutoka D hadi E♯ ni ya pili iliyoongezwa pia. Sikio husikia sauti, lakini programu husoma tahajia, yaani herufi na alama ulizoiandikia nota. Ukilielewa hilo, mambo mengi yanayoonekana kama ukaidi wa kompyuta yatakuwa wazi, na utajua pa kurekebisha.

Mwongozo huu unamfaa anayetumia MuseScore, Sibelius, Dorico, LilyPond au programu nyingine ya aina hiyo. Vitufe vinatofautiana, ila hesabu iliyo chini yake ni ile ile.

Hatua ya 1: Hesabu herufi kabla ya kuhesabu nusu toni

Kila intavali ina sehemu mbili, namba na sifa. Namba hutokana na herufi peke yake. Kutoka C hadi E unahesabu C, D, E: tatu. Iwe ni E, E♭ (flati) au E♯ (shapu), bado ni ya tatu. Nusu toni, yaani hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, huja baadaye, kuamua kama hiyo ya tatu ni meja, maina, iliyopunguzwa au iliyoongezwa.

Programu hulinganisha nusu toni ilizozipata na kipimo cha kawaida cha namba hiyo. Ya pili meja ina nusu toni 2, ya tatu meja 4, ya nne kamili 5, ya tano kamili 7, ya sita meja 9, ya saba meja 11. Ikipungua nusu toni moja kutoka meja, inakuwa maina. Ikipungua moja zaidi, ni iliyopunguzwa. Kwa zile kamili, yaani ya kwanza, ya nne, ya tano na oktava, hakuna maina: nusu toni moja chini ya kamili ni iliyopunguzwa moja kwa moja. Nusu toni moja juu ya meja au juu ya kamili ni iliyoongezwa.

Chukua C na F♭. Nusu toni ni 4, sawa kabisa na C na E. Lakini herufi ni nne, na ya nne kamili ina nusu toni 5. Kwa hiyo hii ni ya nne iliyopunguzwa. Ukiipa music21, maktaba ya Python ya kuchambua muziki iliyoanzia MIT, kodi ya C, F♭ na G, haitakujibu kwamba ni C meja. Itasema ni kodi inayolingana kisauti na ya meja. Hilo ndilo jibu sahihi kwa kilichoandikwa.

LilyPond inaonyesha jambo hili kwa namna ya wazi kuliko zote ninazozijua. Katika hali yake ya `\relative`, kila nota huwekwa karibu na iliyoitangulia, na ukaribu huo hupimwa kwa herufi bila kujali shapu wala flati. Andika `c fis`, na F♯ itakuwa juu ya C, kwa sababu kutoka C hadi F kupanda ni ya nne. Andika `c ges`, na G♭ itashuka chini ya C, kwa sababu njia fupi ya kufika G ni kushuka ya nne. F♯ na G♭ ni kitufe cha aina moja kwenye kinanda, ila hapa sauti zimetengana oktava nzima. Herufi ndiyo iliyoamua.

Hatua ya 2: Jua faili lako limehifadhi nini

Kuna mifumo miwili ya kuhifadhi nota, na lazima ujue unashughulika na upi.

Wa kwanza ni MIDI, mfumo wa vyombo vya muziki na kompyuta kupelekeana taarifa, uliotoka mwaka 1983. MIDI hutaja kila kitufe kwa namba kuanzia 0 hadi 127, na C ya kati ni 60. D♯ iliyo juu yake ni 63. E♭ nayo ni 63. Nota yenyewe haina herufi, kwa hiyo haina namba ya intavali. Ina idadi ya nusu toni tu. Ukipiga kodi kwenye kinanda kilichounganishwa na kompyuta, programu hupokea namba hizo kisha hukisia tahajia.

Wa pili huhifadhi herufi. MusicXML, aina ya faili la kubadilishana nota kati ya programu, hutenganisha nota katika vipande vitatu: herufi, badiliko (shapu au flati) na oktava. E♭ huandikwa E, −1, 4. D♯ huandikwa D, 1, 4. Namba ya oktava hufuata herufi, si sauti: B♯ inayosikika kama C ya kati ni ya oktava ya 3, kwa sababu herufi B hiyo bado iko upande wa chini wa mpaka. Anayeandika programu yake mwenyewe ya kuchambua nota asilisahau hilo, maana intavali ya kodi nzima inaweza kuruka oktava kwa kosa dogo hapo.

MuseScore huweka vyote viwili kwa kila nota: namba ya sauti kama ya MIDI, na namba ya tahajia. Hiyo ya pili tutaitumia kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 3: Weka alama za ufunguo kabla ya nota ya kwanza

Wengi huziacha alama za ufunguo (shapu au flati za mwanzo wa mstari) hadi mwisho, na hapo ndipo tahajia mbovu nyingi huzaliwa. Programu inapopokea namba 63, kitu cha kwanza inachoweza kuegemea ni ufunguo. Ukiwa umeweka flati tatu, itaandika E♭. Ukiwa umeweka shapu nne, itaandika D♯. Ukiiacha tupu, itachagua kwa kanuni zake.

Ufunguo huongoza pia amri za kuongeza intavali. Ukiichagua nota na kuiagiza MuseScore iongeze ya tatu juu yake, itahesabu herufi tatu ndani ya skeli (ngazi ya nota) ya ufunguo uliopo. Katika C meja, juu ya C utapata E, ambayo ni meja. Juu ya D utapata F, ambayo ni maina. Amri ni moja, sifa mbili tofauti. Kama ulitaka ya tatu meja juu ya D, itakubidi uipandishe F iwe F♯ wewe mwenyewe.

Funguo za maina zinahitaji jicho la ziada, kwa sababu nota yake ya saba hupandishwa na alama za ufunguo hazilijui hilo. Katika A maina, kodi ya E7 ni E, G♯, B, D. Ukikuta A♭ mahali pa G♯, ya tatu meja imegeuka ya nne iliyopunguzwa, na kodi haisomeki tena kama E7. Katika MuseScore chagua nota hiyo na ubonyeze J hadi herufi sahihi itokee. Katika Sibelius, kitufe cha Enter hufanya kazi hiyo. Sauti haitabadilika hata chembe.

Hatua ya 4: Ipime kodi kwa mstari wa tano kamili

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na anayeishika hatarudi tena kuhesabu vidole kwenye kinanda.

Panga nota zote kwa kupanda tano kamili moja baada ya nyingine: F, C, G, D, A, E, B, kisha F♯, C♯, G♯ na kuendelea. Upande wa kushoto wa F kuna B♭, E♭, A♭, D♭ na kuendelea. MuseScore huipa kila nota namba kwenye mstari huu. F♭♭ ni −1 na B♯♯ ni 33, kwa hiyo majina 35 yana nafasi: herufi saba, kila moja na sura tano. C ni 14, G ni 15, D 16, A 17, E 18, B 19, F♯ 20. Ukirudi nyuma, F ni 13, B♭ 12, E♭ 11, A♭ 10. Ukiongeza shapu kwenye nota yoyote, namba yake hupanda 7. Ukiongeza flati, hushuka 7.

Sasa toa namba ya mzizi (nota inayoipa kodi jina) kutoka namba ya nota nyingine. Jibu linakupa intavali kamili, namba na sifa kwa pamoja. Moja ni ya tano kamili, mbili ni ya pili meja, tatu ni ya sita meja, nne ni ya tatu meja, tano ni ya saba meja. Toa moja, yaani −1, ni ya nne kamili, toa mbili ni ya saba maina, toa tatu ni ya tatu maina, toa nne ni ya sita maina, toa tano ni ya pili maina. Toa sita ni ya tano iliyopunguzwa, na sita ni ya nne iliyoongezwa: sauti moja, lakini ziko pande mbili za mstari.

Jaribu C, E♭ na G. E♭ ni 11; 11 toa 14 ni −3, ya tatu maina. G ni 15. Jibu ni 1, ya tano kamili. Ni C maina. Rudi kwenye C, D♯, G tuliyoanza nayo. D ni 16, D♯ ni 23. 23 toa 14 ni 9, ambayo ni ya pili iliyoongezwa. Hakuna kodi ya kawaida ya nota tatu yenye 9 ndani yake. Ndiyo maana programu inayosoma tahajia haiiiti C maina.

Sura za kodi kwenye mstari huu zinafaa kukaririwa. Meja ni 0, 4, 1. Maina ni 0, −3, 1. Iliyopunguzwa ni 0, −3, −6. Iliyoongezwa ni 0, 4, 8. Kodi ya saba kama G7 ni 0, 4, 1, −2. Ukipata namba kubwa kama 8, 9 au 10, ama umekutana na kodi iliyoongezwa ya kweli ama tahajia imeharibika. Mara nyingi ni hiyo ya pili.

Zingatia kwamba mstari huu haujali oktava. E iliyo juu ya C kwa intavali ya kumi ni ya tatu tu kwa hesabu ya kodi. Hilo ni jema, kwa sababu mpangilio wa sauti hauibadilishi kodi. Oktava huhitajika kwa jambo moja, kujua nota ipi iko chini kabisa.

Hatua ya 5: Zishughulikie kodi zenye sura zaidi ya moja

Zipo kodi ambazo hata tahajia safi haitoshi kuzitambua. A, C, E, G ni Am7. Nota hizo hizo ni C6. C, F, G ni Csus4, na pia ni Fsus2. Hapo programu nyingi hutazama besi: nota ya chini ikiwa C, utapata jina la C. Kama besi yako inatembea na hamonia unayoikusudia ni nyingine, usikubali jina hilo. Andika lako.

Zipo nyingine ambazo besi haisaidii, ila tahajia hutatua kila kitu. Kodi ya saba iliyopunguzwa hugawa oktava sehemu nne sawa, kwa hiyo kwa MIDI kila nota yake inaweza kuwa mzizi. Kwa mstari wa tano kamili, sivyo. B, D, F, A♭ ni 19, 16, 13, 10: kila hatua ni −3, na mzizi ni ile yenye namba kubwa, yaani B. Kodi hiyo inaelekea C maina. Badili A♭ iwe G♯, na namba ni 22, 19, 16, 13. Mzizi sasa ni G♯ na safari ni ya A maina. Kodi iliyoongezwa ni kinyume: C, E, G♯ ni 14, 18, 22, na mzizi ni ile yenye namba ndogo.

Mfano wa mwisho ni mzuri mno kuachwa. A♭, C, E♭, G♭ ni A♭7: G♭ ni 8, na 8 toa 10 ni −2, ya saba maina. A♭, C, E♭, F♯ inasikika vile vile, lakini F♯ ni 20, na 20 toa 10 ni 10, ya sita iliyoongezwa. Katika ya kwanza G♭ inataka kushuka F, na kodi inakwenda D♭. Katika ya pili F♯ inapanda G huku A♭ ikishuka G, sauti mbili zikifunguka kuelekea oktava. Mwimbaji anayeiona F♯ anajua anakwenda wapi kabla hajafika. Anayeandika G♭ mahali hapo amemnyima msaada huo, na programu itampa jina la kodi isiyo yake.

Hatua ya 6: Andika majina ya kodi kwa namna isiyo na mashaka

Majina yanayoandikwa juu ya mistari, kama C7 au Dm, husomwa kwa kanuni nyingine. Hapa namba ya intavali inabeba desturi ndani yake. C7 ina B♭, ya saba maina, ingawa hakuna alama ya flati popote. Ukitaka B, andika Cmaj7. C9 ina ya saba ndani yake, Cadd9 haina. Cdim7 kwa tahajia kamili ina B♭♭, na LilyPond itakuandikia hiyo B♭♭ hasa ukiiambia `c:dim7`. LilyPond hiyo hiyo ikipewa `c:13` huiondoa ya kumi na moja, kwa sababu haikai vizuri pamoja na ya kumi na tatu, hadi uiombe kwa kuitaja.

Herufi kubwa na ndogo zina uzito: CM7 na Cm7 ni kodi mbili tofauti. Jihadhari pia na flati inayofuata herufi ya mzizi. Ukiandika Cb5, programu itaichukua flati kama ya mzizi na kusoma C♭ yenye tano. Tumia mabano: C(b5).

Kwenye mipangilio ya majina ya kodi angalia pia mtindo wa herufi. Katika mtindo wa Kijerumani, B ni B♭ na H ndiyo B. Ukichagua mtindo wa Do, Re, Mi, Do ni C daima, haihami pamoja na ufunguo kama katika solfa ya kwaya.

Kujua kama jina limesomwa ulivyokusudia, usibahatishe. Katika MuseScore chagua jina la kodi, fungua menyu ya Tools, kisha Realize chord symbols, na nota zake zitaandikwa mbele yako. Katika mipangilio ya usomaji chagua Literal kama unataka kilichoandikwa tu. Jazz huweza kuongeza nota kwa desturi ya muziki huo.

Hatua ya 7: Jaribu kwa kuhamisha

Tengeneza nakala ya faili, chagua wimbo mzima, uupandishe kwa ya pili meja, kisha upitie ukurasa kwa macho. Kila E♯, B♯, shapu mbili au flati mbili isiyo na sababu inaonyesha mahali ambapo tahajia ya awali ilikuwa mbovu. Rudi kwenye faili la awali na urekebishe huko, usirekebishe kwenye nakala. Chagua kuhamisha kwa intavali au kwa ufunguo; kuhamisha kwa daraja la skeli hubadilisha sifa za intavali, na meja zako zitageuka maina bila wewe kutaka.

Ukiandikia tarumbeta ya B♭, jaribio hili linajifanya lenyewe, kwa kuwa sehemu yake huandikwa ya pili meja juu ya sauti halisi.

Hatua ya 8: Peleka faili kwa MusicXML

Unapompelekea mtu anayetumia programu nyingine, usitumie MIDI. Tahajia yote uliyoirekebisha itapotea na programu yake itaanza kukisia upya. MusicXML hubeba herufi, na kwa majina ya kodi hubeba mzizi, aina na viwango (nota za kodi kwa namba zake) vilivyoongezwa, vilivyobadilishwa au vilivyoondolewa. Maana hutenganishwa na sura: aina moja ya saba meja inaweza kuonekana kama maj7, M7 au pembetatu.

Kuna kanuni moja humo inayowatega waandishi wa programu. Kiwango kinachoongezwa hupimwa kutoka kodi ya saba ya kawaida, kwa hiyo kuongeza 7 bila badiliko juu ya C ni kuongeza B♭, si B. Kiwango kinachobadilishwa au kuondolewa hupimwa kutoka aina ya kodi yenyewe. Faili likifunguliwa upande wa pili, anza kukagua kodi zenye 7 na zenye flati au shapu kwenye mabano. Zilizobaki mara nyingi hufika salama.